Pampu Isiyo na Sauti

Novemba 9
Ratu Sairusi, chifu wetu, amefariki leo alfajiri. Mvua ya kwanza ya msimu imeanguka tukiwa tunatandika mikeka. Nimeambiwa nisiwashe jenereta.

Novemba 12
Tumeshazika, na kijiji kimefungwa. Hadi siku ya kuondoa maombolezo, mwezi wa pili, hakuna kuvua kwenye mwamba ulio mbele ya nyumba yake, hakuna kupiga gogo la kuitia watu kanisani, hakuna shoka, hakuna redio, hakuna mtoto kuachwa alie. Na hakuna injini. Mzee Isoa, aliyekuwa msemaji wa chifu, amepita nyumba kwa nyumba akinong'ona. Nilimsubiri mlangoni nimeshika kiuno.

"Mzee wangu, na mashine ya mama je?"

"Kelera, mwanangu, mimi nakueleza desturi, hujaniuliza habari za mashine."

"Sasa nakuuliza."

Akatazama ndani. Mama alikuwa ameketi na mrija wake puani, anamkodolea macho. Mapafu ya mama yamechoka, anaishi kwa ile mashine ya oksijeni, mashine inaishi kwa betri, na betri inaishi kwa jenereta ninayoiwasha kila jioni. Bila jenereta betri haifiki asubuhi. Kwenye zahanati upo mtungi mmoja tu wa akiba, na nesi Ateca haruhusu hata vumbi liuguse.

"Nikifa kabla muda wenu wa kukaa kimya haujaisha," mama akasema, "Isoa, utalazimika kunililia kwa kunong'ona. Utaweza?"

Mzee akaondoka haraka. Kesho kuna kikao.

Novemba 13
Kikao kimeamua: jenereta ipelekwe kwenye pango la mawe nyuma ya kijiji, pale palipokuwa ghala la viazi vikuu. Mdomo wa pango unaelekea baharini, kwa hiyo kelele itaenda kwa samaki, na umeme utashuka nyumbani kwa waya mrefu. Vijana wameibeba kwa mianzi wakiwa wamefunga midomo, wanahema tu. Sijawahi kuona watu wakibeba chuma kizito bila kutukana.

Pipa la dizeli limebaki palepale, kwenye kilima kidogo cha nyumba ya Ratu. Hilo halikujadiliwa. Pipa ni lake.

Kila jioni, kabla sijawasha, Ratu alikuwa akiteremka na fimbo yake kuligonga: chini, katikati, juu. Mara tatu. Alisikiliza pale sauti inapobadilika, akajua mafuta yamefika wapi. Nilikuwa na kijiti changu cha kupimia, safi, chenye alama. Hakukiamini hata siku moja. Akishagonga husema, "Bado lipo," kisha hurudi ndani. Nilikuwa nikikasirika. Leo jioni nilisimama kando ya pipa na kijiti changu nikaona sina wa kubishana naye.

Novemba 15
Mvua. Nimepandisha dizeli pangoni kwa dumu.

Novemba 16
Mvua. Dumu.

Novemba 19
Nimeteleza kwenye ngazi ya mawe. Goti limevimba, dumu limemwagika, na pango lote linanuka dizeli. Mzee Isoa alikuja kunipa pole, lakini jicho lake lilikuwa kwenye kidonda kingine.

"Kila siku unalifungua pipa la marehemu," alisema. "Kila siku unalitia mkono mdomoni. Si vizuri, mwanangu."

"Sasa mafuta yapande kwa maombi?"

"Tafuta namna. Lifunguliwe mara moja, upite mpira wako, kisha tulivike, lisiguswe tena hadi siku yake."

Namna ni pampu. Zamani pipa lilikuwa juu ya injini, mafuta yakishuka yenyewe. Sasa injini iko juu ya pipa kwa kimo cha watu wawili, mmoja amesimama mabegani mwa mwenzake. Dizeli haipandi mlima kwa hiari.

Novemba 20
Nimepanda kwenye jiwe linaloshika mtandao nikampigia Koroi huko mjini Suva. Koroi ni mtoto wa mjomba wangu, yaani mtani wangu, na anauza vipuri vya injini.

"Nani huyu ananong'ona?" akauliza. "Umeiba nini?"

"Tuko kwenye maombolezo, mbwa we. Nataka pampu ya umeme ya dizeli, ndogo."

"Wewe mwenyewe ni pampu, kazi yako kunyonya wajomba." Akacheka, kisha akanyamaza, kwa sababu naye alimpenda Ratu. "Haya, niambie. Volti ngapi?"

"Kumi na mbili. Itakula betri ya kuwashia jenereta."

"Inapanda urefu gani?"

Nikamwambia. Akasema anazo aina tatu, na ya tatu nisiiguse hata akinipa bure: ni ya magari ya petroli, ina nguvu za kijinga, itasukuma mafuta hadi ipasue mipira ya ndani ya injini. Injini ndogo ya dizeli haitaki kusukumwa, inataka kupelekewa chakula polepole.

Zimebaki mbili. Ya kwanza ni ya kugonga. Ndani yake kuna pistoni ndogo inayoruka: tik, tik, tik. Inavuta vizuri hata ikiwa mbali na mafuta. Tena inasema yenyewe hali yake: ikivuta hewa hugonga mbio, ikishiba hugonga taratibu, ikikwama hunyamaza. Ya pili ni ya kuzunguka, kimya kabisa, inasukuma vizuri ila kuvuta haijui, lazima ikae chini sakafuni karibu na pipa.

"Chukua ya kugonga," alisema Koroi. "Pampu yenye mdomo ni rafiki."

Novemba 21
Nimempeleka Mzee Isoa kwenye jiwe la mtandao. Koroi akaiwasha pampu ya kwanza dukani, akaisogeza kwenye simu. Tik, tik, tik. Mzee akairudisha simu mkononi mwangu kana kwamba imemuunguza.

"Kitu cha kugonga? Kando ya nyumba ya marehemu? Kelera, unataka aamke?"

"Ni pampu, Mzee wangu. Ni ndogo kama mkono."

"Inagonga kama yeye."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilibishana hata hivyo, hadi mate yakakauka. Jibu likabaki lilelile. Tutaletewa ya kimya.

Nimekasirika, na ninaandika hapa ili ijulikane: mimi nilichagua ya kugonga.

Desemba 4
Boti imekuja. Pampu imefika imefungwa kwenye gazeti, pamoja na chujio, mipira na salamu za matusi kutoka kwa Koroi.

Desemba 5
Kazi ya siku nzima. Pampu nimeifunga chini kabisa mguuni mwa pipa, chujio kabla yake, mshale wa pampu ukielekea pangoni. Nyaya mbili zimepanda na mpira hadi kwenye betri. Nimeibonyeza swichi nikaweka mkono juu ya pampu: inatetemeka kidogo, basi. Dizeli ikapanda. Injini ikawaka kule pangoni, na kijijini hakuna aliyegeuza shingo.

Kisha wakalivika. Katika maombolezo yetu, chombo cha chifu hakiachwi mdomo wazi. Bakuli lake la kava, kinywaji chetu cha heshima, limefunikwa, mtungi wake wa maji umezibwa, mlango wake umefungwa. Mama ndiye aliyetoa nguo ya kulivika pipa: kitambaa chake cha gome cha harusi, kile cha michoro ya kahawia ambacho hata mimi sikukivaa. Mzee Isoa akakaza vifuniko, akazungusha kitambaa, akafunga kwa kamba ya makumbi, fundo juu ya fundo. Nilikuwa nimechoka, nimekaa kwenye ngazi nakanda goti. Ilipendeza. Lilikuwa kama bibi mnene anayekwenda kanisani.

"Angenioa, angekipata mapema," mama alisema. "Aliogopa mdomo wangu."

Ratu na mama walikuwa watani, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, kama mimi na Koroi. Watani wake wote wameshakufa. Amebaki mama peke yake mwenye ruhusa ya kumtukana.

Desemba 6
Imewaka vizuri.

Desemba 7
Imewaka vizuri. Mvua.

Desemba 11
Leo jioni, jua lilipoingia nyuma ya minazi, nilikuwa natwanga majani ya magimbi kwa ngumi, maana kinu hakiruhusiwi. Nikasikia tok.

Nikadhani ni tunda la shelisheli limeanguka. Kisha tok tena. Na tena, juu zaidi.

Mama akafumbua macho. Mimi nikaenda kuwasha jenereta.

Desemba 12
Imegonga tena, saa ileile. Nilikuwa sijabonyeza swichi, kwa hiyo pampu haikuwa na umeme. Nimekwenda karibu kadiri inavyoruhusiwa. Hakuna mtu. Kitambaa kimetulia, hakuna upepo.

Bati linapoa, nikajiambia. Mchana linavimba kwa jua, jioni linajikunja. Kila mwenye paa la bati anajua hilo.

Desemba 14
Kijiji kizima kimeshasikia. Wanawake wakitoka mtoni wanazunguka njia ndefu. Mzee Isoa amekaa leo mbele ya pipa na bakuli la kava, akazungumza nalo kwa heshima zote, na saa ilipofika likamjibu. Chini. Katikati. Juu. Nimemwona akilia bila sauti, mabega yakitikisika.

"Anapima," aliniambia. "Amekuja kupima mafuta yake."

"Mzee wangu, hilo ni bati."

"Bati linajua kuanzia chini?"

Desemba 25
Krismasi ya kunong'ona. Tumeimba midomo imefungwa. Mama kala kidogo.

Desemba 29
Leo nimemsikia mama akijibu. Pipa lilipogonga mara ya tatu, alitoa mrija puani akasema, polepole, kana kwamba mtu yuko barazani: "Bado nipo."

"Unaongea na nani?"

"Na mroho mmoja anayetaka kujua kama nimeiva."

"Mama, acha."

"Nyie mnadhani anagonga mafuta," alisema. "Mafuta ya nini kwake sasa? Kila jioni ananiuliza mimi."

Nimemrudishia mrija.

Januari 6
Injini imepiga chafya pangoni, ikakaa sawa. Nitasafisha chujio.

Januari 9
Nimesafisha chujio. Imepiga chafya tena. Nimempigia Koroi.

"Pampu inanung'unika?"

"Ya kimya hainung'uniki, ndiyo shida yake! Ile ya kugonga ingekuwa imeniambia kitu."

"Basi mwambie Mzee Isoa aigongee kwa mdomo."

"Kuna anayegonga tayari," nikasema, nikamweleza. Hakucheka. Aliniuliza kama linagonga kwa sauti nzito zaidi kuliko mwanzo. Nilikuwa sijaligundua hilo, lakini ni kweli. Mwanzo ilikuwa tok. Siku hizi ni kama mtu anayepiga kwa kiganja. Mtandao ukakatika kabla hajasema alichofikiri.

Januari 13
Chafya. Nimetoa hewa kwenye mipira. Mafuta yanapanda kwa uvivu. Nimemwomba Mzee Isoa nilifungue pipa nitazame tu. Amekataa. Nguo haivuliwi kabla ya siku yake, atakayeivua atakuwa ameita kifo kwenye nyumba yake. Alisema kwa huzuni, si kwa ukali.

"Na nyumba yako, mwanangu, haihitaji kuitiwa."

Nimemchukia siku nzima.

Januari 20
Joto. Bahari imelala. Ndege wa baharini wote wamehamia upande wa pili wa kisiwa.

Januari 22
Wametangaza kimbunga.

Januari 25
Tumetoka pangoni. Tulikaa humo kijiji kizima tumebanana na jenereta katikati yetu, mama amefungwa mkeka na mashine miguuni. Injini iliwaka kwa vipande, ikifa na kufufuka. Kila ilipokufa watu waliangalia uso wangu. Hakuna aliyekufa. Zahanati haina paa, nyumba ya tatu na ya nne zimekwenda. Nyumba yetu imesimama. Pipa limesimama, na kitambaa cha mama juu yake hakikulegea hata fundo moja. Watu wanalitazama pipa na kuinamisha vichwa.

Mlingoti wa simu umeanguka. Boti haitakuja upesi.

Januari 26
Naandika haya mikono ikinuka dizeli, na nitayaandika yote.

Asubuhi jenereta ilikataa. Niliigeuza hadi betri ya kuwashia ikaanza kulia. Betri ya mama nayo ilikuwa inakaribia kwisha. Ateca akaleta mtungi wa akiba akiuburuta mwenyewe kwenye tope, akaufunga, akakaa akitazama sindano ya kipimo chake. Hakuniambia utadumu hadi saa ngapi. Aliniambia tu, "Da Kelera, fanya upesi."

Nilibadilisha chujio. Nilifungua mpira wa juu: kavu. Nilifungua mpira wa chini, kwenye pampu: dizeli ikachungulia, kisha ikarudi ndani. Ikarudi. Nimefanya kazi na mafuta miaka mingi, sijawahi kuona mafuta yakirudi nyuma kama konokono aliyeguswa.

Nikakimbilia boti iliyovunjwa na kimbunga, nikakata kile kipira cha kubinya cha injini ya boti, kile cha kuvutia petroli kwa mkono, nikakiunga kabla ya pampu. Nikabinya. Kikabonyea. Nikaachia. Hakikuvimba tena. Kikabaki bapa mkononi mwangu, kinanivuta ngozi ya kiganja kama mdomo wa mtoto.

Ndipo nikalitazama pipa vizuri, mara ya kwanza tangu Desemba. Kitambaa kilikuwa kimekazwa juu na chini kwa kamba, lakini katikati kilikuwa kimeingia ndani. Pipa lilikuwa na kiuno. Ubavu wake ulikuwa umebonyea pande zote, kama shavu la mtu anayenyonya embe.

Kile kifuniko kidogo. Pipa la dizeli lina vifuniko viwili: kikubwa cha kupitishia mpira, na kidogo ambacho huachwa kimelegea ili hewa iingie kadiri mafuta yanavyotoka. Mzee Isoa alikaza vyote. Chombo cha chifu hakiachwi mdomo wazi. Tangu Desemba tumekuwa tukinyonya bila kulipa hata pumzi moja, na bati likawa linajikunja kidogo kila siku, tok, tok, tok, hadi pampu ikashindwa kulivuta. Lilikuwa linakabwa. Lilikuwa linapiga ukuta kuomba hewa, na sisi tukalimiminia kava.

Nilipiga kelele. Mimi, katikati ya kijiji kilichofungwa, nilipiga kelele za kumwita Mzee Isoa. Akaja mbio, na nusu ya kijiji nyuma yake, wamejishika midomo.

"Lina kizuizi! Kifuniko kidogo! Nifungulie hiyo nguo!"

"Haiwezekani, Kelera."

"Mama anakufa!"

"Ukiivua atakufa kwa mkono wako. Nasema nionavyo, mwanangu. Ratu yupo. Umemsikia mwenyewe." Alisimama kati yangu na pipa, mzee yule mwembamba, na nikaona kwamba atasimama hapo hata nikimpiga. Hakuwa mkaidi. Aliogopa kwa ajili yangu.

Sijui ningefanya nini. Nilikuwa nimeshika spana. Nafikiri ningempiga.

Ndipo tukasikia sauti ya mama kutoka nyumbani, nyembamba, inakatika.

"Nibebeni."

Ateca alikuwa anakataa mlangoni. Mama akamwambia, "Binti, mtungi huu unaisha nikiwa nimelala au nikiwa nimekaa. Nibebe." Vijana wawili wakambeba kwenye kiti, Ateca akifuata na mtungi. Wakamweka mbele ya pipa. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Hakutazama watu. Alilitazama lile pipa juu hadi chini, kama anavyotazama mtu aliyekuja harusini na nguo ya kuazima.

"We Sairusi," alisema. "We mzee mchoyo. Mbilikimo wa fimbo. Nimekupa nguo ya harusi yangu, ndiyo unajikaza hivyo? Ulishindwa kunioa ukiwa na meno, sasa unanivizia ukiwa pipa?"

Mtani hakatazwi, hata na kifo. Mzee Isoa mwenyewe alijua hilo kuliko sisi sote. Nilimwona akifikiria, kisha nikamwona akisogea pembeni, hatua moja, na kupiga magoti kwenye tope.

"Sogeza kiti," mama akasema. Akavuta fundo la kwanza kwa kucha. Lilikuwa limelowa, halikutoka. Akalivuta kwa meno. Nilitaka kumsaidia akanipiga mkono. "Si mtani wako. Kaa huko." Fundo moja, pumzi, fundo la pili, pumzi mbili. Kitambaa kikaanguka miguuni mwake. Likatokea bati tupu, jeusi, limekunjamana, la kutisha, na mkono mmoja wa mama uliokuwa mifupa mitupu ukapanda juu yake, ukakuta kile kifuniko kidogo.

"Spana," akasema. Nikampa. Hakuwa na nguvu. Tukashika pamoja, mkono wake ndani ya wangu, na hilo nadhani Ratu alilisamehe.

Kifuniko kililegea, na pipa likavuta pumzi.

Sitaweza kuielezea. Lilivuta ndani kwa sauti ndefu, ya koo, ya mtu aliyetoka chini ya maji, na haikuisha, haikuisha, nywele za mama zilizokuwa karibu na tundu zikainuka zikaelekea kule. Kisha ubavu ukarudi kwa kishindo kilichosikika mlimani. Watoto wakalia, na hakuna aliyewanyamazisha.

Nilikimbia pangoni kwa goti bovu. Mafuta yakapanda. Injini ikawaka kwa jaribio la kwanza.

Niliporudi, mama alikuwa ameshaunganishwa na mashine yake, analia na kucheka, na Ateca anamkemea kwa kunong'ona huku akimfuta tope. Sindano ya mtungi ilikuwa imelala kabisa.

Januari 27
Mama kalala siku nzima. Mzee Isoa kaleta gimbi lililochomwa. Kakaa mlangoni, kasema, "Mimi ndiye niliyekikaza." Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa nimekaa nikitazama. Hatukuendelea.

Januari 28
Jioni. Hakuna kugonga. Hakuna tok. Kimya.

Februari 3
Kimya. Kifuniko kiko wazi, nimekiwekea bomba lililopinda ili mvua isiingie. Injini inakunywa bila shida. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, bati na hewa, na nimemweleza mama kwa utaratibu.

"Najua," alisema. "Mimi si mjinga." Saa ya jioni ilipofika, akageuza shingo akasikiliza. Nikamwona amesikitika. Sikutegemea hilo.

Februari 17
Leo maombolezo yameondolewa. Wamepiga magogo hadi ngozi za mikono zimetoka. Wamevua kwenye mwamba wa Ratu, samaki wa kujaza boti. Vijana wakateremsha jenereta kutoka pangoni wakitukana kwa sauti zote walizokuwa wameziweka. Ila mimi nimeomba irudishwe pangoni. Ni pakavu, na kimbunga kingine kitakuja.

Boti imeleta pampu ya kugonga. Safari hii hakuna aliyenizuia. Mzee Isoa mwenyewe alishika nyaya. Tik, tik, tik. Akatabasamu kama anayesalimiwa.

Machi 2
Pampu nzuri. Naisikia nikiwa jikoni. Ikiharakisha najua mpira umelegea, ikitulia najua imeshiba. Koroi anadai nimuite kwa jina la mtakatifu. Nimempa jina lingine.

Machi 9
Leo nimeshuka kupima kabla ya kuwasha. Jua lilikuwa limeingia nyuma ya minazi. Pampu haina umeme, nimehakikisha, waya nilikuwa nimeushika mkononi. Kifuniko kidogo kiko wazi, nimekitia kidole. Pipa limenyooka, halina pa kujikunja.

Tok, chini. Tok, katikati. La tatu halikuwa juu kabisa. Lilikuwa pale ubavuni, mkabala na kifua changu.

Nikatumbukiza kijiti, nikakitoa. Mafuta yalikuwa yameishia palepale.

Kutoka nyumbani mama akapaza sauti, "Bado nipo, Sairusi! Nenda zako!"

Machi 10
Amegonga. Mama kajibu.

Machi 13
Amegonga. Mama kajibu, na tusi juu yake.

Machi 21
Mvua za mwisho. Mama hakuamka vizuri leo, kanywa supu vijiko viwili. Jioni nilishuka na kijiti changu. Nilisimama kando ya pipa bila kugusa kitu, na nitasema wazi kwamba nilikuwa namsubiri.

Chini. Katikati. Juu.

Nikageuza sikio nyumbani. Hakuna sauti. Mvua tu juu ya majani ya migomba. Nikasubiri kidogo, kisha nikasubiri tena, na nikahisi kwamba upande wa pili wa bati kuna mwingine anayesubiri pamoja nami.

"Bado yupo!" nikapiga kelele. "Umenisikia, Ratu? Bado yupo!"

Nikakimbia. Alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, mashine inanguruma miguuni, na kifua chake kinapanda. Nikaweka kiganja juu yake hadi nikahakikisha. Ndipo nikarudi kuwasha jenereta.